Fedha za bajeti hurudi, kiwanja cha umma hakirudi

KILA mwaka kabla ya Juni 30, mabunge ya kaunti zote 47 huketi kuidhinisha makadirio ya matumizi ya mwaka mpya wa fedha. Mjadala hutawaliwa na barabara, hospitali, basari na mishahara. Ni nadra diwani kusimama kutetea ukumbi wa mtaa, bustani ya kupumzikia, maktaba au choo cha sokoni.

Fedha zinapopungua, huduma hizo ndizo huguswa kwanza. Zikikatwa, hakuna chama cha wafanyakazi kitakachotangaza mgomo, wala mkandarasi atakayekimbilia mahakamani kudai chake. Ukumbi hutiwa kufuli, taa za bustani huzimika moja baada ya nyingine, na maisha yakaonekana kuendelea kama kawaida.

Kwa miji mingi hasara hiyo huwa ya muda. Kwa mji kama Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, inaweza kuwa ya kudumu. Kitengela ulikua juu ya mashamba ya watu binafsi, na kila kipande cha ardhi ya umma kilichosalia humo hakina mbadala.

Takwimu za sensa zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 2009 mji wa Kitengela ulikuwa na wakazi 58,167. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 154,436, idadi ambayo ni takriban mara tatu ya kiwango cha wakazi 50,000 kilichowekwa na sheria ili mji uweze kuitwa manispaa. Katika kipindi hicho wakazi wa kaunti nzima waliongezeka kutoka 687,312 hadi 1,117,840. Watu waliongezeka, viwanja vya michezo, kumbi na bustani havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Pengo la Sh12.7 bilioni

Mfano wa karibuni wa jinsi bajeti inavyoweza kupunguzwa ghafla ulitokea mwaka 2024. Kaunti zilikuwa zimepangiwa Sh400.1 bilioni kwa mwaka wa fedha wa 2024/25. Kisha yakaja maandamano ya vijana yaliyofikia kilele Juni 25, waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge. Rais William Ruto aliuondoa Mswada wa Fedha wa 2024, na serikali ya kitaifa ikatangaza kwamba bila kodi hizo mpya haingeweza kutimiza mgao ulioahidiwa.

Serikali ilitaka kiasi hicho kishuke hadi Sh380 bilioni. Maseneta wakapinga, na mvutano ukaendelea hadi Desemba ulipopatikana muafaka wa Sh387.4 bilioni. Kaunti zikawa zimepoteza Sh12.7 bilioni za mipango yao.

Kajiado ilitengewa takriban Sh7.95 bilioni kati ya Sh370 bilioni zilizogawanywa mwaka wa fedha wa 2021/22, yaani asilimia 2.15 hivi. Kwa uwiano huo, sehemu yake katika pengo la mwaka 2024 inakadiriwa kuwa Sh270 milioni.

Watetezi wa serikali ya kitaifa husema, na hawakosei, kwamba Sh387.4 bilioni zilizidi Sh385.4 bilioni za mwaka uliotangulia. Aidha, mgao wa 2025/26 uliongezwa hadi Sh415 bilioni. Hata hivyo, kaunti hupanga kazi zake kwa kufuata kile ilichoahidiwa, na nyongeza ya Sh2 bilioni ikigawanywa kwa kaunti 47 haifidii kupanda kwa bei za mafuta, saruji na dawa. Zaidi ya hayo, muafaka ulipatikana nusu ya mwaka ikiwa imekwisha, na afisa wa fedha asiyejua atapata kiasi gani huanza kwa kuahirisha kile kinachoahirishika.

Kinachoahirishika ni ukarabati. Mishahara haiahirishiki, na dawa zikikosekana hospitalini kelele husikika hadi Nairobi. Madeni ya wanakandarasi nayo yamekuwa mwiba ambao Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, ameutaja tena na tena katika ripoti zake kuhusu kaunti. Baada ya hayo yote kutengewa chake, kinachobaki kwa mabati ya ukumbi na mshahara wa mtunza bustani ni makombo.

Sheria nayo ina upungufu usioonekana kwa urahisi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Jengo jipya huhesabiwa kuwa maendeleo. Lakini likishafunguliwa, umeme wake, mlinzi wake na rangi yake huhamia upande wa matumizi ya kawaida, ambako hushindana na mishahara. Kwa hivyo kaunti huona wepesi kujenga jipya kuliko kutunza la zamani. Uwekaji wa jiwe la msingi huwa na picha gazetini. Kubadilisha mfereji unaovuja hakuna.

Kuna pia suala la bajeti za ziada. Wananchi hualikwa kutoa maoni kuhusu makadirio makuu, ingawa mara nyingi kwa notisi fupi. Miezi michache baadaye bajeti ya ziada huletwa, fedha huhamishwa kutoka idara moja hadi nyingine, na mradi uliopigiwa makofi katika baraza la wadi hutoweka kimya kimya.

Kisa cha zamani

Haya hayakuanza na ugatuzi. Kabla ya 2013 Kajiado iliendeshwa na Baraza la Olkejuado, mojawapo ya serikali za mitaa 175 zilizovunjwa kaunti zilipoanza kazi. Historia ya baraza hilo ni historia ya kupokonywa njia za mapato huku majukumu yakiongezeka.

Kuanzia Januari 1970, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, elimu ya msingi, afya na barabara viliondolewa mikononi mwa mabaraza ya wilaya na kupewa wizara. Mapema miaka hiyo ya 1970 ikafutwa pia kodi ya mtu binafsi iliyokuwa tegemeo la serikali za mitaa. Mwaka 1974 Amboseli, ambayo Baraza la Kajiado lilikuwa limeisimamia tangu 1961, ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, na chanzo kikuu cha fedha za watalii kikahamia kwa serikali kuu. Rais Mwai Kibaki aliagiza mwaka 2005 kwamba Amboseli irudishwe kwa Olkejuado, lakini Mahakama Kuu ikaja kuibatilisha hatua hiyo. Suala hilo limefufuliwa tena katika utawala wa Rais Ruto.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya kuyagawia mabaraza asilimia tano ya kodi ya mapato. Fedha hizo zilisaidia, ila sehemu kubwa ilimezwa na madeni na mishahara. Kwa jumla, kizazi kizima cha wakazi wa miji midogo ya Kenya kilikua kikiamini kwamba bustani na maktaba ni mambo ya Nairobi na Mombasa.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuikomesha dhana hiyo. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti maktaba, makumbusho, viwanja vya michezo, shughuli za utamaduni na bustani za umma. Huduma hizi ni wajibu wa kikatiba, sawa na zahanati na chekechea, hata kama katika makaratasi ya bajeti hukaa ukurasa wa mwisho.

Mji uliomegwa ploti ploti

Ili kuelewa kwa nini jengo moja la umma lina thamani kubwa Kitengela, yafaa kukumbuka jinsi mji huo ulivyozaliwa. Kituo cha biashara cha Noonkopir kilikuwa kidogo, kando ya barabara ya Namanga, katikati ya malisho ya Wamaasai. Mwaka 1988 ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa na kila familia mwanachama ikapata hatimiliki yake. Miaka miwili baadaye sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje ikapitishwa, na viwanda hivyo vikaanzishwa jirani, Athi River. Maelfu ya wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala.

Mashamba yakauzwa. Ekari zikakatwa vipande vinane, ploti za futi 50 kwa 100, na vipande hivyo vikajengwa nyumba za kupangisha. Mwenye shamba alitaka ploti nyingi iwezekanavyo, na mnunuzi alitaka bei nafuu. Uwanja wa watoto haukuwa na mnunuzi.

Sheria ya mipango ya ardhi ya 1996, na ile ya 2019 iliyochukua nafasi yake, zilimtaka anayemega shamba apate kibali cha mamlaka ya mtaa, nayo mamlaka ikawa na uwezo wa kumtaka aachie umma sehemu kwa ajili ya barabara, shule au bustani. Katika miji iliyokua kwa kasi kama hii, sharti hilo mara nyingi limebaki kwenye ramani. Ardhi hutolewa, lakini haisajiliwi kwa jina la kaunti. Baada ya miaka michache hujitokeza mtu mwenye barua ya ugavi, kisha ukuta wa mawe, kisha ghorofa.

Matokeo yake yanaonekana kila Jumamosi. Mzazi mwenye uwezo, awe Kitengela au upande wa Laiser Hill kule Ongata Rongai, humtafutia mtoto shule ya kulipia yenye uwanja. Mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja hucheza mpira barabarani, akikwepa bodaboda.

Wanaodhani kwamba hofu ya unyakuzi imetiwa chumvi wanapaswa kuirejelea ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyoundwa na serikali mwaka 2003 na kutolewa mwishoni mwa 2004. Tume hiyo ilikadiria kuwa hatimiliki 200,000 hivi za ardhi ya umma zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, nyingi mno zikiwa za baada ya 1986. Januari 2015 Wakenya waliwaona wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road, Nairobi, wakirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa kupinga ukuta uliojengwa kuzunguka uwanja wao.

Mafunzo ya Nairobi

Nairobi inatoa mifano miwili inayokinzana kuhusu nini cha kufanyia mali ya umma inayoonekana kulala bure.

Mfano wa kwanza ni ule wa kuigeuza kitega uchumi. Mwaka 1989 chama tawala cha wakati huo, KANU, kilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alipinga peke yake mwanzoni, akatukanwa Bungeni, lakini wafadhili wa nje wakajiondoa na mpango ukafa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A.M. Jeevanjee aliikabidhi kwa umma mwaka 1906. Walitaka kuweka maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na bustani ikaokolewa.

Hoja iliyotumika katika visa vyote viwili ni ile ile inayosikika leo katika kaunti: baraza halina fedha za kutunza mahali hapa, kwa hivyo heri apewe mwekezaji. Bustani hizo zingali kitulizo cha maelfu ya wananchi kila siku kwa sababu hoja hiyo ilishindwa.

Mfano wa pili ni wa maktaba. Baraza la Jiji la Nairobi lilirithi maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee, na likawa pia na matawi Makadara na Kaloleni. Kaloleni ni mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, ukiwa na ukumbi wa kijamii na uwanja wa kijani katikati yake, na katika harakati za uhuru ukumbi huo ulikuwa jukwaa maarufu la mikutano ya kisiasa. Kwa miongo kadhaa ya bajeti hafifu, maktaba hizo zilizeeka pamoja na vitabu vyake.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, likaingia katika mkataba na Kaunti ya Nairobi na kukarabati majengo ya Kaloleni na Makadara kwa fedha za wafadhili. Majengo hayakuuzwa wala kubadilishwa kazi yake. Yalibaki mali ya umma, wakazi wakashirikishwa kuamua wanataka nini ndani yake, na milango ikafunguliwa kwa vipindi vya watoto, mikutano na sanaa.

Mpango huo una mipaka yake. Fedha za wafadhili huja na huondoka, na kaunti inaweza kuzoea kuachia wengine jukumu lake. Uingereza ni onyo: serikali ilipobana matumizi kuanzia 2010, karibu maktaba 800 zilifungwa kufikia 2019, na nyingine nyingi zikaachiwa wakazi waziendeshe kwa kujitolea. Pale penye wastaafu wenye muda na uwezo maktaba zilinusurika. Pale penye vibarua wanaorudi nyumbani usiku haikuwa rahisi.

Onyo hilo linaihusu Kitengela moja kwa moja. Wengi wa wakazi wake huondoka alfajiri kwenda Nairobi au Athi River na kurudi jioni. Kuwaambia waendeshe ukumbi bila mlinzi wala karani wa kulipwa ni kuufunga kwa maneno matamu.

Masharti matatu

Hata hivyo, jengo tupu ni hatari zaidi kuliko jengo linalotumiwa kwa mkataba usio kamili. Jengo lisilo na watu huibiwa milango, kisha mabati, na mwisho huibiwa ardhi lililosimama juu yake. Swali ni masharti gani yalinde mali ya umma inapobadilishiwa matumizi, na matatu hayawezi kukwepwa.

La kwanza ni hatimiliki. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kwamba ardhi ya umma ya aina hii iko chini ya kaunti kwa niaba ya wakazi, huku Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikiisimamia. Kaunti haiwezi kuilinda mahakamani ardhi ambayo haijaipima wala kuisajili. Kazi ya kuorodhesha mali ya mabaraza yaliyovunjwa ilianzishwa na Mamlaka ya Mpito mwaka 2012, na muda wa mamlaka hiyo ulipoisha 2016 ikakabidhiwa kamati ya kiufundi ya mahusiano ya serikali za ngazi mbili. Mwananchi wa Noonkopir ana haki ya kuuliza ni viwanja na majengo gani ya Olkejuado yaliyomo katika orodha ya wadi yake, na yapi hayamo.

La pili ni uwazi wa mkataba. Anayekabidhiwa ukumbi au nyumba iliyo ndani ya bustani, awe kikundi cha vijana, shirika au mfanyabiashara wa chai, ajulikane kwa jina, muda wake, kodi anayolipa na saa ambazo wakazi wataingia bila malipo. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015 inataka ushindani wa haki. Mkataba usiobandikwa mlangoni una jambo la kuficha.

La tatu ni fungu la fedha. Kodi inayotokana na jengo hilo itumike kulitunza badala ya kutumbukia katika mfuko mkuu, na katika makadirio ya kaunti matengenezo ya mali ya umma yawe na mstari wake kwa kila wadi. Kiasi kikiwa kidogo, kionekane kuwa kidogo. Kikiondolewa katika bajeti ya ziada, diwani aulizwe kwa nini.

Fursa ya kuyadai hayo ipo katika kalenda ya kila mwaka. Mpango wa maendeleo huwasilishwa kabla ya Septemba 1, mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio kabla ya Aprili 30. Anayesubiri Juni hukuta chakula kimeshapakuliwa. Wakazi wanaopendekeza jengo fulani lifunguliwe upya wanapaswa kufika Septemba wakiwa na nambari ya ploti, gharama na jina la kikundi kitakachowajibika.

Mgao wa kaunti utapanda na kushuka kulingana na hali ya uchumi na siasa za Nairobi. Kaunti iliyopoteza Sh270 milioni mwaka huu inaweza kuzipata mwaka ujao. Lakini uwanja wa watoto ukishajengwa ghorofa, hakuna bajeti ya Kajiado itakayotosha kuununua tena kwa bei ya soko. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kitengela linafaa kufunguliwa sasa, kabla habari yenyewe haijawa ya kesi mahakamani.